Na miaka ya Judy Heumann ofisini je?

Ndugu Mhariri,

Asanteni kwa makala ya Judy Heumann, yule mtetezi wa haki za walemavu Marekani, ila mmeishia 1977 kwenye lile jengo la serikali San Francisco yeye na wenzake walikokesha karibu mwezi mzima mpaka kanuni za kifungu cha 504, kile cha sheria kinachokataza kuwabagua walemavu kwenye huduma zinazopata pesa za serikali kuu, zikasainiwa, halafu mkaruka mpaka kifo chake Machi 2023. Jamani, na miaka ya ofisini je?

Huyu mama polio ilimpata mdogo, shule ya kwao Brooklyn ikamkataa eti kiti chake cha magurudumu ni hatari moto ukitokea, kakua akataka kuwa mwalimu akanyimwa leseni, 1970 akaishtaki bodi ya elimu New York na leseni akaipata. Sasa 1993 Rais Clinton anamteua waziri msaidizi wa elimu, elimu maalum ya nchi nzima iko chini yake, akakaa hapo mpaka 2001! Sheria ya IDEA, ile ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iliporekebishwa 1997 yeye ndo alikuwa kwenye nafasi hiyo, na ndo ikawekwa kwamba mwalimu wa darasa la kawaida naye awemo kwenye timu ya IEP, yaani ule mpango wa masomo anaoandikiwa kila mtoto mwenye ulemavu.

Mimi hili linanigusa. Mwanangu ana mtindio wa ubongo, tuko huku Marekani, kikao cha kwanza cha IEP shuleni nikasukumiwa makaratasi ya Kiingereza tupu nisaini, watu wanaangalia saa. Sikusaini, nikaomba mkalimani wa Kiswahili maana kisheria shule ndo inamtafuta na kumlipa, sio mzazi. Kikao kilichofuata mwalimu wa darasa akasema kumbe dogo hesabu anaziweza vizuri tu, kuandika ndo kunamchelewesha, basi wakaandika apewe muda wa ziada na tableti. Hayo hayakuja kwa maandamano peke yake, kuna watu walikaa wakabishana kifungu kwa kifungu.

Baadaye alienda Benki ya Dunia, na chini ya Obama akawa mshauri wa haki za walemavu kimataifa kuanzia 2010, ingawa Seneti ya Marekani ilikataa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2012 wakati Kenya na Tanzania zilisharidhia zamani, kwa kweli ni aibu.

Naomba muandike na hiyo miaka, na muwaambie wazazi wenzangu Waswahili wa huku wasisaini wasichokielewa, wengi wanasaini kwa kuogopa tu.

Mzazi na msomaji wenu,
Columbus, Ohio