Tusiwalaumu marubani wa F100

Mhariri,

Kila ikitajwa F100, injini iliyoanza kutumika katika ndege za kivita za Marekani F-15 na F-16 miaka ya 1970, hurudi dai lile lile: ilizimika angani kwa kuwa rubani alisukuma mkono wa mafuta, yaani wenzo wa kuongeza au kupunguza nguvu ya injini, kwa pupa. Naomba nafasi nilipinge. Linawatwika marubani mzigo wa kosa lililokuwa ndani ya injini yenyewe.

Turbofani ya kivita, yaani injini ya jeti yenye feni mbele kama F100, hupitisha hewa njia mbili. Feni ikishaivuta, sehemu huingia kwenye kiini, yaani kompresa inayokandamiza hewa, chumba cha mwako na turbini inayozungushwa na gesi ya moto. Iliyobaki hupita pembeni, katika mfereji unaokizunguka kiini, na mikondo yote miwili hukutana nyuma, penye mwako wa nyuma, ambapo mafuta ya ziada huchomwa ili kuongeza msukumo. Katika F100 hewa ya pembeni ni takriban 0.7 ya ile ya kiini. Tatizo lilipita katika mfereji huo.

Mwako wa nyuma ukiwashwa, msukumo hupanda kutoka takriban kilonyutoni 65 hadi 106, na mafuta yanayoliwa huzidi mara nne. Nozeli, yaani mdomo wa kutolea gesi, lazima ifunguke kadiri mafuta yanavyoongezwa, ili shinikizo la nyuma ya turbini lisiyumbe. Sasa, ndege ikiwa juu sana tena kwa mwendo mdogo, hewa ni haba na mafuta hunyunyizwa bila kushika moto. Yanajikusanya, kisha gesi ya moto itokayo kwenye turbini inayawasha yote kwa mkupuo. Wimbi la shinikizo haliwezi kurudi kupitia turbini, basi linashika njia iliyo wazi: linapanda mfereji wa pembeni hadi mgongoni mwa feni. Feni inayumba, na kompresa iliyo jirani inakabwa, yaani hewa haipiti tena ndani yake sawasawa.

Kukabwa kwa kawaida ni kishindo kimoja, kisha injini inajirudi. F100 mara nyingine haikujirudi. Chumba cha mwako kiliendelea kuwaka, mizunguko ya injini ikashuka, joto la turbini likapanda, na mkono wa mafuta haukuitikiwa. Mapanga ya turbini hupozwa kwa hewa ya kompresa, na ndiyo hiyo iliyopungua. Rubani alibaki na jambo moja tu: kuzima kabisa, kuiacha ipoe, kisha kuwasha upya, kabla mapanga hayajaungua. Wa F-15 ana injini ya pili. Wa F-16 hana.

Tiba nayo inaonyesha kosa lilikuwa wapi. Ukingo unaogawa hewa ulisogezwa mbele ukaikaribia feni, na wimbi likakosa mwanya wa kupenya kwenye kiini. Udhibiti wa mafuta na nozeli ukakabidhiwa kompyuta, ambayo NASA iliijaribu kwenye F-15 mwaka 1981 hadi 1983 na ambayo ikaingia katika toleo la baadaye la injini hiyo, F100-PW-220. Kwa kompyuta hiyo marubani waliweza kusogeza mkono wapendavyo.

Ni kweli marubani wa F-15 walisogeza mkono huo mara nyingi kuliko wasanifu walivyokadiria. Lakini hilo lilileta ugonjwa mwingine: kupashwa joto na kupozwa tena na tena huchosha metali, na mapanga ya turbini yalichakaa kabla ya wakati. Hata hapo, aliyekosea ni aliyekadiria. Rubani wa kivita amepewa mkono wa mafuta ili autumie.

Msomaji wenu wa muda mrefu