Barua ya wazi kwa mkubwa wa mataa ya tao: hizo nguzo nzee wacheni kukata

Mheshimiwa, salamu. Sikuandikii kulia giza, giza tulishazoea, na kusema ukweli hiyo taa mpya nyeupe mmetuwekea inafanya kazi. Sai mama mboga anatofautisha noti ya mia mbili na ya elfu saa mbili usiku bila kuwasha tochi ya simu, na wale vijana wa kunyakua wamesonga mbele kidogo, wako huko kona ya pili. Kwa hiyo asante.

Shida ni vile mlitoa ile ya zamani.

Mimi ni fundi wa redio, ingawa siku hizi kazi ni chaja na vispika tu, na kibanda changu kiko kwa kichochoro cha kutokea River Road, hapa Nairobi, miaka mingi. Nguzo ilikuwa hatua tatu kutoka kwa meza yangu. Chuma nzito, sio hii bomba nyepesi ya siku hizi ukiigonga inalia kama sufuria, hiyo ukiigonga ni wewe ulikuwa unalia. Chini nene kama mguu wa ndovu, juu mkono umepinda kama shingo ya korongo. Ilikuwa imepakwa rangi juu ya rangi hadi maandishi yakamezwa, lakini ukipitisha kidole polepole ulikuwa unasikia E halafu A, na mzee mmoja mteja wangu, alikuwa analeta redio yake ya betri nne kila baada ya miezi mitatu, alishika hapo akaniambia kijana hii ni East African Power and Lighting, ile kampuni ya tangu 1922, nyinyi mmeijua ikiwa Kenya Power juu jina lilibadilishwa 1983. Na juu ya hiyo rangi sasa ndio kulikuwa na mabango: mganga kutoka Pemba anarudisha mpenzi, bedsita Githurai maji masaa yote, tuisheni ya hesabu, gari ya kunyonya choo. Ukibandua moja unapata ingine chini yake, na chini ya hiyo mganga ni yule yule ila namba ya simu ni ya zamani.

Kile kimlango cha chini, cha kuingiza mikono kwa waya, kilianguka zamani nikakiweka kibandani kisiibiwe. Mtu alifunga hilo shimo na juala, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwa hiyo hata hiyo juala ilikuwa ishakuwa mali ya makumbusho, hehe.

Balbu yake ilikuwa ya sodiamu, ile ya mwanga wa machungwa. Hiyo kitu haiwaki ghafla. Saa kumi na mbili na nusu jioni inaanza na mwanga mdogo umefifia hivi, halafu inapanda polepole dakika kadhaa hadi inashika rangi yake, na sisi tulikuwa tunafunga hesabu za siku ikipanda. Miaka ya mwisho ikaanza kuzimika na kuwaka yenyewe, watu wakasema kuna jini, ikabidi nieleze kila mtu kwamba hiyo ni uzee tu, balbu ya sodiamu ikichoka inadai volti nyingi kuliko ile inaletewa, inazima, ikipoa inapata nguvu ya kuwaka tena, basi inaendelea hivyo usiku mzima. Kubadilisha ni kazi ya balbu moja na ngazi. Na usidhani nasifu kila kitu, ule mwanga ulikuwa unaua rangi, matatu nyekundu ilikuwa inakaa kahawia, na mtu alininunulia koti akidhani ni ya bluu, asubuhi tukakuta ni kijani.

Sasa, Jumapili moja asubuhi wakakuja vijana wa reflekta na grinda. Sikuambiwa wametumwa na nani na sitataja mtu. Dakika kama ishirini nguzo iko chini, ikakatwa vipande vitatu ikarushwa kwa pikapu. Nikauliza inaenda wapi. Mmoja akanijibu, "Mzee, hii ni kilo tu."

Kilo tu. Mheshimiwa, wewe unajua tuna sheria ya vyuma chakavu ya 2015, na unakumbuka Januari 2022 minara ya stima ilianguka nchi ikalala giza, wiki mbili hazijaisha rais akafunga biashara yote ya skrap hadi mambo yakaanza kupangwa upya. Wakati huo kijana akipatikana na kipande cha waya alikuwa anaeleza hadi anatoka jasho. Sasa hiyo yangu ilipimwa wapi, na risiti iko wapi?

Na hawakumaliza kazi. Wameacha zile bolti nne zimesimama katikati ya njia ya miguu, ndefu kama kidole, zimenolewa na grinda. Kufikia Jumatano watu watatu walikuwa wamejikwaa hapo, wa tatu ni mama alikuwa amebeba trei ya mayai na sitaki hata kueleza. Nimefunika na debe la rangi nimejaza mawe. Usiku debe linasukumwa, asubuhi narudisha. Hiyo ndiyo kazi yangu ya pili sai, na hailipi.

Kuna wale watasema ni vitu vya mkoloni wacha viende. Sawa, lakini mkoloni hakuchimba shimo, mwenye kuchimba alikuwa babu wa mtu na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kimening'inia shingoni. Majina tulibadilisha, Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Government Road ikawa Moi Avenue, Victoria Street ikawa Tom Mboya, na hakuna mtu aling'oa barabara ndio abadilishe jina. Huko London kwenyewe taa za gesi, gesi mkubwa, bado zinawaka zaidi ya 1,000 hadi leo. Sisi ya stima imetushinda?

Sisemi mrudishe sodiamu. Chukua hiyo balbu ya kisasa uifunge kwa mkono wa nguzo ya zamani, mimi fundi nakwambia inawezekana, ni braketi na waya mpya na kubadilisha ile sanduku ya ndani. Zenye kutu imekula chini hizo toa, hakuna ubishi, zitaua mtu. Lakini mtu apite kwanza na chaki aweke alama ipi inabaki na ipi inatoka, badala ya kuachia mwenye grinda aamue.

Na mkifika kwa mataa ya magari, yale ya zamani ya vioo vya rangi na kioo cha kurudisha mwanga nyuma, wekeni hata seti moja mahali watoto wa shule wataiona. Najua yalikuwa na kasoro, jua la asubuhi likiwa mgongoni mwa dereva lilikuwa linaingia ndani ya kioo linarudi, unaona nyekundu na kijani zote zimewaka, ndio maana yalivalishwa zile kofia. Hata hivyo afande alikuwa amesimama hapo chini akipungia magari mkono, taa ziwe zinasema nini.

Bolti ndio haraka, hizo zitolewe wiki hii. Ukitaka kuona mwenyewe kuja jioni, uliza fundi wa redio, utaoneshwa, lakini vaa viatu vigumu. Kile kimlango cha nguzo bado ninacho hapa chini ya meza na skrubu zake mbili. Kama hiyo chuma haijayeyushwa, mwambie mwenye pikapu mimi nangoja.