YAH: DHAMANA YETU YA SHILINGI 60,000 NA BARUA YA BENKI ILIYOLALA MEZANI KWENU

Meneja,
Kampuni ya Kukodisha Magari na Kupanga Safari,
Mombasa.

Ndugu Meneja,

Salamu. Nimepokea ujumbe wenu wa Ijumaa kwamba dhamana yetu ya shilingi 60,000 za Kenya imezuiwa yote kwa sababu ya "uharibifu uliotokea gari likiwa mikononi mwa mteja". Nimeusoma mara tatu nikimtafuta huyo mteja. Usukani ulikuwa mikononi mwa dereva wenu tangu Mombasa hadi sampu, bakuli la oili chini ya injini, ilipopasuka kwenye pantoni ya Pangani, na amri ya kupanda pantoni saa ile ilitoka ofisini kwenu.

Naanza na Horohoro, mpakani mwa Kenya na Tanzania, kwa kuwa ndiko yalikoharibika yote. Gari lenu lina mkopo, na kadi yake ya umiliki ina majina mawili, lenu na la benki. Gari la namna hiyo halivuki mpaka kwa barua ya kampuni peke yake. Benki nayo lazima iandike kwamba imeridhia, itaje namba ya usajili, namba ya chesisi, nchi liendako na tarehe za kutoka na kurudi. Kwenye bahasha mlitia nakala ya kadi, barua yenu yenye muhuri, na kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuvukia mipaka, yenye Tanzania ndani yake (hilo nawapa, bima ilikuwa sawa). Barua ya benki haikuwamo. Afisa wa forodha akatuambia kwa upole kabisa kwamba bila hiyo hawezi kutoa kibali cha gari la kigeni. Tukawapigia. Mtu wenu wa zamu akajibu, "Sisi tulikodisha gari, hatukukodisha barua." Akakata simu.

Hiyo ilikuwa saa 3 asubuhi. Barua ilifika saa 9 alasiri, tena kwa sababu dereva alimbembeleza karani mmoja anayejuana naye. Tarehe iliyo juu yake ni ya wiki mbili kabla ya safari. Benki ilishaandika zamani, karatasi ikalala kwenu.

Ratiba nayo sijui ilipangwa na nani. Inasema: Mombasa saa 12 asubuhi, Pangani saa 6 mchana, Bagamoyo kabla ya magharibi, kwa siku moja. Aliyeiandika aliipita njia hii kwa kidole juu ya ramani. Mlituchukua uwanja wa ndege wa Moi, mkatuswaga hadi foleni ya kivuko cha Likoni, wakati barabara ya Dongo Kundu imeunganishwa tangu 2024 na inakutoa upande wa kusini bila kugusa kivuko. Kutoka Tanga kwenda Pangani ni kama kilomita 50, na kila penye kijiji mwendo ni 50 kwa saa na trafiki wapo. Kusini ya mto Pangani unaingia Hifadhi ya Saadani, ambako malipo si ya fedha taslimu na hakuna kuendesha usiku. Kwa hiyo hata bila ya mkasa wa mpakani, safari hii inataka kulala Tanga au Pangani, na saa ya kuvuka mto inapangwa kwa kuangalia maji, si kwa kuangalia saa ya ukutani.

Nayaeleza haya ya maji kwa urefu kwa kuwa ndiyo mnayotutoza. Tulilala Pangani, na asubuhi yake ilikuwa mwezi 15 kwa mwezi mwandamo. Mtu wa pwani haulizi zaidi ya hapo: mwezi mpevu ni bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, na wakati wa bamvua pwani yetu hujaa mnamo saa 10 jioni na kupwa mnamo saa 4 asubuhi, kisha kila siku inayofuata inachelewa kwa karibu dakika 50. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Pantoni inashuka na maji. Yakipwa, gari linateremka saruji hadi chini kabisa, halafu linapanda mlango wa pantoni, na pale vinapokutana panakuwa bonde. Bampa ya mbele inagusa bondeni. Ikipona bampa, tumbo linakaa juu ya ukingo ambapo mlango umeungana na sitaha. Gari la juu linapita. Gari la chini linasubiri maji, ndiyo kanuni, na pale gatini hata muuza mihogo anaijua.

Mkataba wenu unasema gari litakuwa na nafasi isiyopungua sentimita 20 kutoka ardhini. Mlilolileta nililipima kwa futi kamba: sentimita 14 na nusu, kabla ya watu watano na masanduku. Dereva wenu, kijana mstaarabu, alituomba tusubiri hadi saa 8 mchana maji yakirudi, akawapigia kuwaarifu. Mkamwambia apande saa 4 ile ile kwa kuwa hifadhi ililipiwa kuanzia saa 6. Tukashuka wote, tukashusha mizigo, mabaharia wakaweka mbao mbili bondeni, akapanda kwa gia ya kwanza taratibu. Bampa ikapona. Sampu ikagonga ukingo. Ni ya alumini, haibonyei, inapasuka, na oili ikaanza kuchora mstari kwenye sitaha.

Fundi wa Pangani aliziba kwa sabuni ya mche, akaisindilia kwa kidole gumba mpaka matone yakakatika. Sabuni inaziba ufa kwa mwendo wa kutoka gatini hadi gereji, si kwa kilomita 50. Gari likavutwa hadi Tanga, sampu ikafunguliwa, ikachomelewa, ikatiwa oili mpya. Siku mbili. Malipo ya hifadhi yakapotea, na hiyo "safari ya mandhari ya pwani" mliyoiuza tukaimalizia kwa lami ya Segera na Msata, njia ambayo basi lolote lingetupitisha.

Lakini sampu inachomeleka. Narudi Horohoro, kwa sababu sidhani mtu wenu wa zamu aliwasimulia. Simu ilikuwa kwenye spika, juu ya kaunta ya forodha, kwa kuwa afisa mwenyewe alijitolea kuwaeleza anachohitaji. Alishaanza, "Habari za asubuhi, naongea kutoka..." Hamkumwacha amalize. "Mama, sisi tulikodisha gari, hatukukodisha barua. Hiyo ni shughuli yenu na forodha." Nikasema gari ni lenu na benki ni yenu. Nikasikia mtu akicheka pembeni yake, halafu simu ikakatwa. Afisa akainamisha kichwa akijifanya anapanga karatasi. Nyuma yetu foleni nzima ilisikia. Na barua, nawakumbusha, wakati huo ilikuwa chumba kimoja na huyo aliyecheka.

Kwa hiyo naomba dhamana yetu, shilingi 60,000, irudishwe yote.

Nilipoanza kuandika hilo ndilo lilikuwa ombi pekee. Sasa naongeza: gharama ya kulivuta gari, kuchomelea sampu na oili, ambazo tulilipa sisi na risiti nimeambatanisha, malazi ya siku mbili za Tanga, malipo ya hifadhi yaliyopotea, na tofauti ya bei kati ya gari la juu tulilolilipia na hilo mlilolileta. Nataka pia radhi kwa maandishi, yenye jina la aliyeijibu simu ile. Na dereva asikatwe hata senti, maana nimesikia mnakusudia.

Nawapa siku 14 kuanzia leo. Zikipita, napeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya chini ya ulinzi wa watumiaji, na dai lenyewe nalifungua Mahakama ya Madai Madogo hapo hapo Mombasa. Inapokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu anajisemea mwenyewe bila wakili. Mkataba ninao, picha za futi kamba ninazo, na nakala ya barua ya benki ninayo. Tarehe yake inasomeka vizuri.

Wenu,
Msimamizi wa msafara, kwa niaba ya abiria watano