Ghala la shamba nalo litazamwe

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa furaha makala yenu kuhusu nyumba za mawe za wakulima wa kale wa Uingereza. Mwandishi ameieleza vizuri Townend, nyumba ya kijiji cha Troutbeck katika milima ya Cumbria, iliyojengwa mwaka 1626 na kukaliwa na ukoo wa Browne kizazi baada ya kizazi hadi 1943. Samani za mwaloni zilizochongwa tumezisoma, na dohani za mviringo pia. Ghala lililo ng'ambo ya barabara, hata hivyo, limepewa sentensi moja tu. Mimi ni fundi mwashi, na naona akili nyingi zaidi imetumika kwenye ghala hilo.

Ni la mwaka 1666, na limewekwa kwenye mteremko kwa makusudi. Upande wa juu kuna njia inayoupandisha mkokoteni hadi sakafu ya juu; upande wa chini ndiko mifugo inakoingilia. Nyasi kavu huingia juu bila mtu kuzibeba mgongoni, na majira ya baridi huteremshwa kwa ng'ombe waliofungwa chini yake. Kazi ya kupandisha mzigo imeachiwa kilima. Katika milima ile, ambako mifugo hulishwa ndani miezi mingi ya mwaka, hebu fikirieni ni migongo mingapi imepona kwa mpango huo mmoja.

Kusini, kwenye mashamba ya ngano, haja ilikuwa nyingine. Huko maghala mengi yana milango mikubwa miwili inayotazamana, na katikati yake sakafu ya kupuria. Milango ikifunguliwa yote, upepo unapita na kupeperusha makapi. Ghala la Great Coxwell, walilojenga watawa wa abasia ya Beaulieu yapata mwaka 1292, lina urefu wa zaidi ya mita 40, na nguzo zake za mwaloni zimesimamishwa juu ya vikingi virefu vya mawe ili unyevu wa sakafu usiufikie mti. William Morris, mshairi na mbunifu aliyekuwa akiishi jirani huko Kelmscott, alilipenda mno. Ndiye aliyeanzisha na wenzake, mwaka 1877, chama cha kulinda majengo ya kale, kilichoshikilia kwamba jengo la kale likarabatiwe kidogo kidogo, lisivuliwe sura yake.

Mwandishi wenu anasema kuta hizo zimedumu kwa sababu jiwe la Uingereza ni gumu. Hapana. Zimedumu kwa chokaa. Ukuta wa aina hiyo hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena kupitia viungo vya chokaa. Ukizibwa kwa saruji, maji yanabaki ndani, barafu inayapanua, na jiwe linabanduka uso. Mafundi wa Lamu na Unguja wanaoshughulikia kuta za mawe ya matumbawe wanaujua vyema ugomvi huo wa saruji na chokaa, ingawa kwao hakuna barafu.

Nina hofu na maghala haya. Tangu 2014 kanuni za mipango huko England zinaruhusu majengo mengi ya shamba kugeuzwa makazi bila kupitia maombi kamili ya kibali, na mwaka 2024 kikomo kilipandishwa hadi nyumba 10. Majengo yaliyoorodheshwa kuwa urithi hayaguswi na ruhusa hiyo, lakini maghala mengi ya kawaida hayamo kwenye orodha. Ghala likitobolewa madirisha na kukatwa vyumba, ule uwazi wake mkubwa wa ndani haurudi tena. Watu nao wanahitaji pa kukaa, sibishi. Naomba tu wachoraji ramani wauache angalau upande mmoja wazi, kuanzia sakafu hadi kwenye paa.

Mkirejea mada hii, tafadhali tuchapishieni picha za ndani ya ghala, zikionyesha boriti na viungo vyake. Mafundi tutazisoma.

Msomaji wenu,
Fundi mwashi, Tanga