Fyuzi ya Amplifaya: Tunamlinda Nani?

"Fundi, niwekee kubwa zaidi, hii inakatika kila nikipandisha besi." Hapa gereji kwetu Mwanakwerekwe, Zanzibar, tunaambiwa hivyo kuhusu fyuzi mara kwa mara, zaidi na wenye daladala. Hatuweki, na tunaona ni haki ya mteja kujua sababu.

Fyuzi kubwa ya karibu na betri haikuwekwa kwa ajili ya amplifaya. Inalinda waya unaotoka betri kwenda nyuma ya gari. Waya huo ukichubuka ukagusa bodi, betri humwaga mamia ya ampea papo hapo, waya ukawa mwekundu kama kaa la moto chini ya zulia, pale pale abiria walipoweka miguu. Kwa hiyo fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 za waya, maana kipande kilichotangulia fyuzi hakina wa kukilinda. Tumepokea gari ambayo fyuzi ilifungwa kwa usafi kabisa, lakini ndani ya buti, ubavuni mwa amplifaya. Waya mzima ulikuwa wazi kwa moto.

Ukubwa wake unaupataje? Tazama kwanza fyuzi za amplifaya yenyewe: zikiwa mbili za ampea 30, hesabu 60. Kama haina, shika wati za RMS, yaani nguvu halisi inayotoka mfululizo, si zile elfu tatu zilizochapwa kwenye boksi. Amplifaya ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi) ya wati 500 za RMS, ikiwa na ufanisi wa asilimia 80, huvuta wati 625. Gawa kwa volti 13.8, unapata ampea 45 na kidogo. Fyuzi ya 50 inatosha.

Halafu uulize waya, kwani neno la mwisho ni lake. Unene wake hupimwa kwa geji, na namba ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi. Waya wa shaba wa geji 8 tunaufungia fyuzi ya 50, ukizidi sana 60. Geji 4 tunaufungia 100. Ukitaka fyuzi kubwa, badilisha waya kwanza. Na kwangua ncha kwa kisu kabla hujalipa: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inabeba umeme mdogo kuliko shaba yenyewe. Nunua iliyo nene zaidi.

Sisi wa visiwani tuna adui mwingine, chumvi ya bahari. Inaingia kwenye kishikio cha fyuzi, inaota kutu ya kijani, mguso unalegea, kishikio kinapata joto hadi plastiki inayeyuka na fyuzi yenyewe bado nzima! Chagua kishikio chenye kifuniko kinachobana, paka grisi kidogo baada ya kukaza, na ukifungue ukitazame kila baada ya miezi michache.

Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, tafadhali, usiifunge badala ya fyuzi hata kwa safari moja ya kwenda Bububu.

Fyuzi ikikatika tena, usiitupe, njoo nayo. Ile ya kioo ikiwa imeingia weusi ndani, tunatafuta waya uliogusana. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika katikati tu, mzigo umezidi, na hapo tunaanza kupima omu, yaani upinzani wa umeme, za spika zako.