Uliza Kwanza Jua Liko Mteremko Gani

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, wewe na wote wa nyumbani. Mimi mzima, ngozi ya pua imebabuka kwa jua, lakini moyo umejaa. Barua yako ilinifikia mashindano yakiwa yamepamba moto, na sikutaka kukujibu kwa haraka kwa sababu umeuliza jambo zito: mtu aliyejifunza kurusha glaida, ndege isiyo na injini, juu ya nchi tambarare, kama tulivyojifunza mimi na wewe, aende kushindana milimani? Jibu langu ni aende. Ila akubali mapema kwamba atajifunza upya namna ya kupata mwendo.

Unajua tulivyozoea. Unaliona wingu zuri, unalifuata, unazunguka ndani ya hewa inayopanda mpaka juu, halafu unaelekea wingu la mbele. Kanuni ya Paul MacCready, yule Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1956 kule Saint-Yan, Ufaransa, inakutosha karibu siku nzima: ukitarajia kupanda kwa nguvu huko mbele, ongeza kasi, ukitarajia kupanda kidogo, punguza. Huku Alps, kusini mwa Ufaransa, kanuni hiyo bado inafanya kazi, lakini kuna jambo linalotangulia, nalo ni saa. Kila mteremko una saa yake. Asubuhi jua linapasha miteremko inayotazama mashariki, adhuhuri ile ya kusini, alasiri ile ya magharibi, na hewa iliyopata joto inakwea ikiwa imeushikilia mlima mpaka kileleni, ndipo inaachana nao. Mteremko uliokuinua mita tatu kwa sekunde saa sita mchana waweza kuwa umekufa kabisa ifikapo saa kumi. Juu ya hapo kuna upepo wa bonde: mchana mabonde yanavuta hewa kutoka nchi ya chini kwenda juu, na upepo huo ukigonga mgongo wa mlima uliokaa mkingamo, unapanda. Mahali jua na upepo wa bonde vinapokutana kwenye mteremko mmoja, hapo ndipo ushindi unapopatikana au kupotea. Ukiniuliza nimejifunza nini huku, ni hilo.

Ngoja nikusimulie siku niliyoliona kwa macho yangu. Njia tuliyopewa asubuhi ilikuwa ndefu, kama kilomita mia tatu hivi, ikienda kaskazini kwenye milima mirefu, ikakata mashariki, kisha kurudi. Mabawa tuliyajaza maji kama kawaida, maana glaida nzito huenda kasi zaidi bila kupoteza umbali wake wa kuteleza, na hewa ilitabiriwa kuwa na nguvu. Mwanzo wote ulikwenda vizuri. Baada ya kituo cha kwanza cha kugeuzia tukajikuta kundi zima juu ya uso mkubwa wa mwamba unaotazama kusini, tunazunguka, na kila mzunguko ulitupa kidogo kuliko uliotangulia. Nilitazama saa: ilikuwa inakaribia saa kumi. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mgongo mrefu unaotazama magharibi, na kivuli kilichoufunika tangu asubuhi kilikuwa kimeondoka. Chini bondeni moshi wa shamba fulani ulikuwa umelala, unaelekea moja kwa moja kwenye ule mgongo. Na juu ya mgongo wenyewe tumbusi wawili walikuwa wanapita, mabawa wameyanyoosha, hawayapigi.

Kuacha kundi ni kugumu. Ukibaki nao mnabanana pamoja na mnapoteza pamoja. Ukiondoka, kosa ni lako peke yako na pointi ni zako peke yako. Nilipiga hesabu ya uwanja wa kutua. Glaida yangu ya mabawa ya mita 15, katika hewa tulivu, huenda zaidi ya kilomita 40 kwa kila mita 1,000 inazoshuka. Lakini huku hakuna rubani mwenye busara anayetumia namba hiyo. Tunahesabu kilomita 20, yaani nusu, kisha tunaongeza mita mia tatu za kufikia uwanjani, kwa sababu hewa inayoshuka katikati ya bonde haikupi taarifa. Kwa hesabu hiyo kali uwanja nilikuwa nao. Nikaondoka.

Katikati ya bonde variomita, kile kifaa kinachoonyesha unapanda au unashuka kwa kasi gani, ilinyamaza ule mlio wake wa furaha ikaanza kunguruma chini, sindano ikalala kwenye hasi tatu. Mgongo ule ukawa unapanda mbele yangu kwenye kioo, ishara ya wazi kwamba nitaufikia chini ya kilele. Nilishikilia kasi. Nilipoukaribia nikauona ule uzi wa sufu uliobandikwa juu ya kioo cha mbele ukitikisika, bawa la kulia likasukumwa juu, na hapo hewa ikanipokea. Nilipanda kwa kwenda na kurudi kwa umbo la namba nane, kila geuko likiwa la kuupa mlima mgongo, mpaka nikavuka kilele. Baada ya hapo sikuzunguka tena kwa muda mrefu sana. Nilinyoosha pua kufuata mgongo, mawe na nyasi vikikimbia chini ya bawa, kasi juu ya kilomita 150 kwa saa, na altimita, kipimo cha kimo, haishuki. Rafiki yangu, furaha ile sijui nikuelezeje. Jioni matokeo yalipotoka nilikuwa nafasi ya nne kwa siku hiyo, nafasi ambayo kule tambarare sijawahi kuikaribia.

Sasa kuhusu kuruka karibu na mlima, maana najua ndicho kinachokutia hofu, na hofu hiyo usiiache nyumbani. Hatari ya kwanza ni macho. Ukiwa chini ya kilele upeo wa macho hauonekani. Unaona mlima tu, na mkono bila kujijua huinua pua ili ilingane na mteremko. Kasi inashuka, na glaida inayokwenda polepole karibu na mwamba haina nafasi ya kujiokoa upepo ukiruka. Kwa hiyo tunabeba kasi ya ziada, kilomita mia na kitu kwa saa, hata kama kupanda kutapungua kidogo. Usikubali mtu akwambie vinginevyo kwa ajili ya pointi.

Ya pili ni wenzako. Kanuni za mteremko ni chache na zinashikwa kama sheria. Mkikutana uso kwa uso, yule ambaye mlima uko kulia kwake haondoki, kwa kuwa hana pa kwenda. Yule ambaye mlima uko kushoto kwake ndiye anayepisha kwa kukata kulia. Ukiingia kwenye hewa ambayo mwingine anazunguka tayari, zunguka upande alioanza yeye. Sote tuna FLARM, kile kifaa kilichoanzia Uswisi mwaka 2004 kinachopiga kelele glaida nyingine ikija kwenye njia yako, na kimeokoa watu wengi. Lakini nimeona marubani wanaokiangalia kuliko wanavyoangalia nje, na hilo silipendi hata kidogo. Kwa maoni yangu saa ya hatari kuliko zote katika mashindano ni ile ya kabla ya kuanza, wakati kila mtu amevutwa juu na ndege na anasubiri mstari wa kuanzia ufunguliwe, glaida tele kwenye mteremko mmoja, kila rubani akijiuliza aondoke sasa au asubiri. Milima yenyewe inakutisha wazi wazi. Lile kundi la kusubiri linakuzoesha mpaka unasahau hatari.

Tena kuna kuvuka pengo kati ya vilele viwili. Usiliendee pengo moja kwa moja. Liendee kwa mshazari, ili ukiona kimo hakitoshi ugeuke kwa robo ya mzunguko tu na kushuka kwenye bonde ulilotoka. Na kuna ishara ninayoiamini kuliko kompyuta: tazama kilicho nyuma ya pengo. Kama nchi ya nyuma inazidi kufunguka, utapita. Ikianza kujificha nyuma ya mawe, geuka mara moja, usingoje uhakika.

Uliuliza pia aina ya mashindano. Haya niliyoshiriki ni ya kawaida, kila rubani anachagua dakika yake ya kuanza, kifaa cha kurekodi kinahifadhi safari yote, na jioni hesabu zinafanywa. Mshindi wa siku nzuri hupata pointi 1,000 na wengine kulingana na mwendo wao. Kuna yale ya Grand Prix ambapo wote mnavuka mstari kwa pamoja na wa kwanza kufika ndiye wa kwanza, fainali yake ya kwanza ya dunia ikafanyika mwaka 2005 kule Saint-Auban, katika milima hii hii. Ni matamu kwa mtazamaji. Kwako, kwa mara ya kwanza, nashauri yale ya kawaida, kwa sababu hakuna anayekukimbiza.

Siku moja mistral, ule upepo mkali wa baridi wa huku, ilivuma kwa nguvu kutoka kaskazini-magharibi na waandaaji wakafuta safari. Kulikuwa na manung'uniko, maana angani yalikuwa yamejipanga yale mawingu laini yenye umbo la lenzi, yaliyosimama palepale upepo ukipita ndani yake. Hayo ndiyo mawimbi ya upande wa demani, nyuma ya milima, ambako hewa hupanda na kushuka kwa mpangilio mpaka mbali sana juu. Ni mawimbi ya namna hiyo yaliyombeba rubani Mjerumani Klaus Ohlmann zaidi ya kilomita 3,000 kwa siku moja kando ya Andes kule Argentina mwaka 2003, na ndiyo yaliyoifikisha glaida iitwayo Perlan 2 kimo cha zaidi ya mita 22,000 mwaka 2018, huko huko Argentina. Kwa hiyo naelewa tamaa ya wale walionung'unika. Ila chini ya mawimbi kuna hewa inayojiviringisha ovyo, na kuivuta glaida nyuma ya ndege kupita humo, moja baada ya nyingine, mpaka wote tuwe juu, ni kumtafuta mtu wa kuumia. Tena maji ndani ya mabawa huko juu huganda. Waliofuta walifanya haki.

Na kutua shambani, usilione ni aibu. Mwenzetu mmoja, rubani mwenye uzoefu unaozidi wangu mara nyingi, siku ile ile niliyofurahi mimi alibaki na kundi kwenye uso wa mwamba mpaka hewa ikaisha. Alipofika kile kimo alichokuwa amejiwekea, aliacha kutafuta, akamwaga maji, akashusha gurudumu, akatua kwenye shamba lililokatwa majani ambalo alikuwa amelikagua kwa miguu kabla mashindano hayajaanza. Alipoteza pointi nyingi. Usiku trela lilimrudisha na glaida yake bila mchubuko, na kesho yake akaruka. Mimi nilijifunza kwake kuliko nilivyojifunza kwa mshindi: kabla ya mashindano alizunguka na gari mabonde yote ya njia zinazotarajiwa, akisimama kwenye kila uwanja, akiangalia nyaya za umeme, mteremko wa ardhi na urefu wa mazao. Kutoka angani nyaya huzioni. Unaona nguzo tu, tena ukibahatika.

Basi, ukiamua kuja, usianze na mashindano. Njoo kwanza uruke kwenye glaida ya viti viwili na mwalimu wa huku huku, anayeijua hii milima kwa saa zake. Jioni, jua likishaondoka kwenye miteremko, atakuonyesha jambo ambalo kule kwetu hatulijui: hewa baridi inaanza kuteremka kando ya milima, na ile ya katikati ya bonde, pale pale palipokuwa panakuzamisha mchana, inainuka taratibu. Marubani wengi wamefika nyumbani kwa hewa hiyo.

Mimi nimepanga kurudi kiangazi kijacho, kabla ya msimu wa mashindano, kwa ajili ya mazoezi tu. Nahitaji mtu wa kusaidiana naye kwenye trela na wa kukagua naye mashamba, na sioni mwingine ila wewe. Niandikie mapema kama utaweza, ili nituombee nafasi kwenye glaida ya viti viwili kabla hazijajaa, na unitajie uzito wako wa sasa kwa ajili ya hesabu ya mizani.

Nisalimie wote.

Wako akupendaye daima,
Rafiki yako