Usisaini kitu hukufanya

Mwanangu,

Ulivyokata simu juzi usiku nilikaa tu hapo kwa meza chai ikapoa, manake ile sauti yako naijua, ni ya mtu anajilaumu kwa kitu si chake. Ati kila imeili lazima ipitie kwa bosi wako kwanza, ukienda msalani anauliza uko wapi, hata bei ya kuandikia mteja ni yeye anakutajia, halafu mteja akilalamika anageuka mbele ya watu wote anasema "huyu ndiye aliandika." Bei ni yake, kosa ni lako, hiyo ni hesabu gani? Imeniuma sana.

Sijawahi kukuambia vizuri mambo ya ile godauni ya Industrial Area, Nairobi. Ilikuwa 1996, hujazaliwa, mimi ni karani wa stoo. Msimamizi wetu hangekubali utoe hata katoni moja bila yeye, funguo alitembea nazo kiunoni. Jioni moja lori iko kwa geti inanguruma, akaniambia toa katoni 40 za sabuni, karatasi italetwa kesho. Nikatoa. Karatasi haikuletwa kesho wala kesho kutwa, na siku ya kuhesabu mali zile 40 zikakosekana, akaniangalia hivi machoni akasema yeye hajui chochote. Nikaletewa barua nisaini nimekubali kukatwa mshahara na mwanangu nilisaini, niliogopa, kodi ilikuwa imebaki siku tatu. Walinikata miezi sita, nikawa natembea kwa miguu Makongeni mpaka Enterprise Road, asubuhi na jioni.

Hapo ndio nilinunua kaunta buku. Akisema kitu naandika tarehe, saa, na maneno yake, kisha namfuata, "umesema nitoe 20 za yule mteja wa Thika, nimeandika hivi, ni sawa?" Mara ya kwanza alifoka, kwani simwamini? Nikamwambia polepole nataka nisikosee kazi. Tabia haikubadilika, usidhani, funguo zilibaki kiunoni, lakini hasara yake haikuwahi kuandikwa jina langu tena.

Wewe una simu, ni rahisi zaidi. Akikuambia kitu kwa mdomo, rudi kwa dawati umwandikie, "vile tumeongea saa tano, naweka bei hii," bila hasira, bila kuongeza chumvi. Hata asipojibu imebaki hapo. Lakini faili za wateja usizitume kwa simu yako, hiyo sasa itakuwa kosa lako kweli. Na ile tarehe uliniambia ulikosea wewe mwenyewe, sema wazi ni wewe, mbele yake na mbele ya wenzako, sitaki ujifunze kwake kuruka mambo.

Hiyo barua ya kujieleza wanasema inakuja, ikija usijibu siku hiyo hiyo ukiwa unatetemeka. Siku zangu sikujua hata pa kuuliza, lakini nyinyi mna Sheria ya Ajira ya 2007, soma kifungu cha 41, kabla ya kukufuta kwa makosa au kwa kazi mbaya lazima wakueleze sababu kwa lugha unaelewa, wakusikize, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako hapo ndani. Yule dada mnakaa naye dawati moja, muulize mapema kama atakubali. Na wakitaja kukukata pesa za hasara, kifungu cha 19 kinaongea juu ya hasara ya mali mtu amefanya kwa kukusudia, si bei ambayo bosi alikutajia mwenyewe.

Jumamosi njoo nyumbani. Kaunta buku yenyewe bado iko kwa sanduku chini ya kitanda, nitakuonyesha vile nilikuwa naandika, na hiyo barua ikifika kabla ya hapo nipigie hata kama ni usiku, usisaini kabla hatujaisoma pamoja.

Mamako